Safu ya Nne ya Daftari

4 Rajabu

Kwa dada yangu Sindano,

Assalamu alaykum. Najua umefungua bahasha hii ukiguna, "Huyu naye, simu anayo mfukoni, anasumbua madereva wa basi." Simu ninayo, lakini wewe ndiye uliyenibandika jina la Kalamu kabla hatujang'oka meno ya utoto, na sasa nimeshazeeka nalo. Halafu jambo lenyewe si la kuambiwa mtu huku anapiga pasi.

Kamati ya msikiti imekubali. Baada ya miaka ishirini na miwili, tutasimamisha jiwe uani, ubavuni mwa birika la kutawadhia, lenye majina ya watu wa mtoni waliouawa mwaka ule, wote wanachama wa chama chetu cha mazishi. Haikuwa rahisi. Mzee mmoja alisema tunatonesha vidonda, mwingine akasema wale hata hivyo walikuwa wajukuu wa watumwa, wageni tu katika mji. Nikasimama. Nikawaambia: Mtume katika hotuba yake ya mwisho alitufundisha kwamba mweupe hana ubora kwa mweusi, wala mweusi kwa mweupe, ila kwa kumcha Mungu. Sisi wa mlimani tukawaacha weusi wetu wakachinjwa hatua mia kutoka kwenye mimbari, tena wengine kwa mikono ya watu waliosali nao bega kwa bega, na leo tunaogopa hata kuchonga majina yao? Wakaanza kukagua mikeka, dada. Ungekuwepo ungecheka.

Kamati inataka kila jina lifuatiwe na makazi ya mwisho, ili watoto wajue kwamba hawa walikuwa majirani. Orodha wamenipa mimi, maana nilikuwa katibu wa chama. Daftari, kama ujuavyo, liliungua na ofisi, kwa hiyo nimekaa wiki tatu nikikumbuka nyumba moja baada ya nyingine mpaka kichwa kikauma. Wako arobaini na mmoja. Nakala hiyo hapo. Ipitie, mchonga mawe anasubiri.

Nataka pia uje useme neno siku hiyo, Ijumaa ya mwisho ya Shaabani. Wewe ni mjane wa muadhini wetu, na wapo ambao mpaka leo wakisikia adhana ya spika wanasema haifiki nusu ya sauti yake.

La mwisho ni gumu kuliandika. Ramadhani inakaribia, sukari imenipanda, na mguu mmoja sina hisia nao. Kama kuna lolote nilikukosea tangu tunyonye ziwa moja, nisamehe kabla ya mwezi kuandama.

Kaka yako,
Kalamu


15 Rajabu

Kaka Kalamu,

Wa alaykumu salaam. Barua yako nimeisomea kazini, chumba cha kufulia cha hospitali, nimekalia rundo la mashuka ya kushona. Msimamizi akaniona machozi, akauliza kama nimefiwa. Nikamwambia nimefiwa zamani, ila tanzia ndiyo imefika leo.

Wewe ulisimama mbele ya wazee ukasema maneno hayo? Wewe uliyekuwa ukijificha nyuma ya kanga ya mama mbwa akibweka? Mama angekuwa hai angepiga vigelegele mpaka koo likauke. Unakumbuka alivyopenda kutusimulia ulivyoletwa siku aliyofariki mama yako mzazi, mweupe kama unga, na shangazi zako wa mlimani wakasita mlangoni: mtoto wetu anyonye kwa mtu wa mtoni? Sheikh wa wakati huo akawauliza kama maziwa nayo yanatoka meusi. Wakaona haya, wakakuacha. Mama alikuwa akifika hapo anacheka mpaka anashika ubavu.

Orodha nimeipitia. Jina la mume wangu nimeligusa kwa kidole, kama mjinga. Nitakuja, na neno nitalisema.

Ila kaka, umeua mtu! Namba kumi na tisa, Mzee wa Matangi, yule aliyekuwa akiuza matangi ya maji nyuma ya shule. Yu hai, tunasali msikiti mmoja huku, na Ijumaa iliyopita ameniletea kanzu nimpunguzie. Nilipomwambia yuko kwenye jiwe alicheka hadi akapaliwa. Anasema alihama miezi mitano kabla ya mauaji, kimyakimya, wala hakuja kwako kuandikisha kwamba anahama, kwa sababu mlikuwa mmegombania zamu ya kuchimba makaburi. Mfute upesi kabla mchonga mawe hajamzika.

Na msamaha unaniombea nini? Ulinificha mimi na wanangu watatu darini kwako siku kumi na moja, chakula ukitupandishia ndani ya ndoo ya kupigia deki. Labda ni ule mdoli wangu uliouvunja shingo. Haya, wa mdoli nimekusamehe.

Nina ombi moja tu. Yule Fundi Saa, kama bado yupo, nisimwone siku hiyo. Aliyemsaliti mume wangu kwa wauaji nikimtia machoni sijui mikono yangu itafanya nini.

Dada yako,
Sindano


24 Rajabu

Dada Sindano,

Umefanya vizuri kunishtua. Ni uzee tu huo, majina yanaingiliana kichwani. Bahati mbaya mchonga mawe alikuwa ameshalichonga, tutaona la kufanya.

Ile nakala naomba umpe dereva huyuhuyu airudishe. Usibaki nayo, ina makosa mengine. Nitakutumia iliyo safi.

Fundi Saa yupo. Tangu atoke jela hana duka, ana kimeza tu kwenye kibaraza cha duka la viatu. Sidhani kama atasogea msikitini.

Nimefikiri pia kuhusu safari. Ni ndefu, na mgongo wako naujua. Si lazima uje. Ukiandika neno lako nitakusomea mimi mwenyewe, kwa heshima zote.

Kalamu


2 Shaabani

Kalamu,

Orodha sirudishi.

Uliponiambia nisije, sindano ilinisimama kwenye shuka. Wiki tatu kabla ulinibembeleza nije, na leo mgongo wangu umeanza kukuhurumisha. Nikaitoa orodha mkobani, nikaikagua kama ninavyokagua mshono, kwa upande wa nyuma.

Mzee wa Matangi hakufa. Hakuna aliyemlilia wala aliyemwosha. Mtu anayekumbuka wafu kichwani angemkumbuka vipi? Wewe hukukumbuka wafu. Umenakili kila mtu wa mtoni aliyekuwa kwenye daftari la chama, ukaruka tu uliowajua kuwa hai, na huyu alibaki mle kwa sababu hakuja kujiondoa. Daftari halikuungua.

Nikaikumbuka ile safu ya nne. Tulikuwa na jina, nyumba, na mtu wa kuitwa kuosha. Wewe miaka miwili kabla ya mauaji ukaongeza "asili". Mume wangu akakuuliza, "Kalamu, kwani kaburini tutaulizwa asili?" Ukacheka, ukamjibu kwamba Mungu ametuumba makabila ili tujuane, na jamaa wa marehemu wakija mazikoni tuwatambue. Tukaona umesema la dini. Mimi mwenyewe nilikushikia rula ukipiga mstari.

Halafu namba ishirini na saba, mume wangu. Makazi ya mwisho umeandika: stoo, nyuma ya duka la fundi saa. Humo alikaa siku tatu. Waliojua ni Fundi Saa mwenye stoo, mimi, na wewe. Na wewe ulijua kwa sababu yeye alikuwa mkuu wa waoshaji, na kanuni ya chama inasema anayehama, hata kwa siku moja, ampe katibu taarifa, maiti asikose mwoshaji. Watu wanachinjwa barabarani, yeye anashika kanuni! Alinituma: "Mwambie Kalamu niko wapi, asije mtu akazikwa bila kuoshwa." Nikakwambia jikoni kwako, watoto wamenishika nguo. Ukanijibu, "Hili linakaa kichwani, siliandiki."

Uliliandika? Na kama uliliandika, nani alilisoma?

Miaka ishirini na miwili nimesema ni Fundi Saa. Majirani walinieleza kwamba asubuhi ile alitoka, na wauaji wakaingia akiwa hayupo. Ni mtu wa mlimani, alijua, alitoka. Nikaona inatosha. Nikaapa mahakamani mkono juu ya msahafu. Na karani aliyeandika ushahidi wangu alikuwa nani? Wewe. Uliniuliza, "Una hakika?" Nikasema nina hakika. Ukaandika mpaka nukta ya mwisho, kisha ukanipa leso yako nijifute machozi. Mtu akaenda jela miaka tisa, Kalamu.

Niambie nimekosea. Nakuomba. Niite mwendawazimu, nitakubali.

Sindano


10 Shaabani

Dada yangu,

Hukukosea.

Niliandika. Miaka kumi na minane kila aliyehama nilimwandika, na ulipotoka jikoni nilikwenda ofisini, mkono ukaandika kama unavyoandika siku zote. Nilipoona nilichofanya nikajituliza: daftari la mazishi, nani atalitaka?

Siku ya pili yake, baada ya adhuhuri, walikuja wanne ofisini. Wawili nawajua, wakisali nyuma yangu. Walivua viatu mlangoni, dada. Wamekuja kwa kazi ile na bado walivua viatu. Walisema wanajua nimenyonya kwa mtu wa mtoni, wanajua nyumba yangu ina dari, na kwamba nichague: niwape daftari au waanzie kwangu. Wewe ulikuwa juu ya dari ile na watoto watatu. Nikalitoa. Sijui mwingine angefanya nini, na nimejiuliza kila siku.

Walilirudisha kesho yake. Walinishukuru, wakasema mwandiko wangu ni mzuri, hawakupata taabu.

Ofisi ilipoungua, daftari nilikuwa nimelipeleka nyumbani. Liko chini ya godoro langu. Nimetaka kulichoma mara nyingi, lakini ni mahali pekee walipo wote.

Kuhusu Fundi Saa, wewe ulikuja na jina lake mdomoni. Mimi sikulitia. Nilikuuliza kama una hakika, nikiomba Mungu useme huna. Nilidhani watamfunga mwaka mmoja. Ulipopita huo mmoja nikaona nimeshachelewa, na kila mwaka nikazidi kuchelewa. Huo ndio ukweli wangu, haunipendezi hata mimi.

Lakini jiwe hili nimelipigania mimi, miaka sita. Nilitaka kabla sijafa majina yao yatoke chini ya godoro yakae juani. Je, hilo si kitu?

Nakuomba usiseme sasa. Si kwa ajili yangu. Wale wazee wanatafuta kisingizio tu. Wakijua orodha imetoka kwa nani watasema kumbukumbu yenyewe ni ya msaliti, watalivunja jiwe, na watu wako watakosa hata maandishi. Acha lisimame kwanza. Siku hiyohiyo, likishafunuliwa, nitasema mwenyewe mbele ya watu wote. Nakuapia kwa maziwa ya mama.

Kaka yako, kama bado,
Kalamu


28 Shaabani

Kwa Bi Sindano,

Salaam. Shikamoo sikuandikii, nadhani tu rika moja, na sitaki kukuzeesha.

Barua yako ilipofika nilimpa mwenye duka la viatu anisomee, maana macho yangu ya karibu yamekwisha. Ni aibu kwa fundi saa, lakini ndivyo. Alipofika katikati ya ukurasa wa kwanza nikamsimamisha, nikaazima miwani, nikaisoma mwenyewe siku mbili.

Unaniomba radhi kwa kunisingizia. Ngoja nikueleze usilolijua. Asubuhi ile nilitoka kutafuta mkate. Mume wako alikuwa amefunga siku mbili mfululizo kwa sababu hapakuwa na cha kula. Alisema kwa kuwa njaa ipo tu, basi aitie nia ya saumu apate thawabu. Alinichekesha, na siku zile hakuna aliyecheka. Niliporudi na mkate walikuwa wameshamaliza.

Mahakamani uliponinyooshea kidole sikujitetea sana, watu wakashangaa. Sikiliza. Mimi nilijua sikumtaja. Mume wako alikutuma kwa Kalamu nikisikia, lakini Kalamu ni ndugu yako, nani angemdhania? Basi alibaki nani? Nikaamini ni wewe. Nikaamini walikupata njiani, wakakubana kwa wanao, ukataja. Nikasema mama huyu akijijua kwamba ni yeye, atakufa na watoto watabaki. Bora anichukie mimi. Nilikaa gerezani miaka tisa nikikuhurumia, Bi Sindano. Sasa sijui huruma ile niipeleke wapi. Nimekasirika, na nimekasirika nikiwa nimechelewa.

Radhi yangu umeipata. Lakini ile hukumu nataka ifutwe kwa maandishi. Wajukuu zangu shuleni wanaitwa wajukuu wa muuaji.

Uliniuliza kama kaka yako alisema. Ijumaa nilikwenda, nikasimama kwenye lango la ua. Alihutubia vizuri mno. Alimtaja Bilali, akataja mweupe na mweusi, akasema anayembagua Mwislamu mwenzake kwa ngozi amembishia Muumba wake. Watu walilia. Hata mimi nililia, na barua yako ilikuwa mfukoni mwangu. Kisha jiwe likafunuliwa, akasoma majina. La kumi na tisa limezibwa kwa saruji, ila bado linasomeka. Alipofika kwa mume wako sauti ikamkatika, wakampa maji. Nikasema sasa atasema. Akanywa, akainua macho, akaniona. Akaendelea na la ishirini na nane.

Akamaliza, watu wakamkumbatia, wakaondoka.

Mimi sikufungua mdomo. Mwenye neno ni wewe.

Ndala za mume wako ninazo. Zilibaki stoo, dada yangu alinitunzia nilipokuwa ndani. Ukija utazichukua.

Fundi Saa


6 Ramadhani

Kaka,

Niko mjini kwenu tangu juzi. Sikufikia kwako, nimefikia kwa mke wa Fundi Saa, na amenipisha kitanda chake. Ndala nimepewa. Ya kushoto imekatika kamba, nimeishona.

Nilinyamaza kama ulivyoniomba. Ulipoapa kwa maziwa ya mama nilikuamini tena, baada ya yote hayo, na hapo ndipo nilipojiona mjinga kweli. Jiwe limefunuliwa, Ijumaa nyingine imepita, nawe hukusema.

Nimelitazama jiwe jana asubuhi, watu wakitawadha. Ni zuri. Nimelisoma lote kwa kidole. Wazee wakija kulivunja watanikuta nimekaa mbele yake, na nitawauliza kwa maneno yaleyale uliyowauliza wewe, maana maneno hayakuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwa msemaji.

Umesema ulilitoa daftari kwa ajili yangu na wanangu. Nimelifikiri hilo mpaka nikaumwa. Ungepanda ngazi ukaniuliza, ningekujibu nini? Nina watoto watatu. Huenda ningesema wape. Sitajifanya malaika. Lakini tungekuwa wawili wa kulibeba. Wewe ulinitwika watu arobaini bila kuniambia, na nilipolia ukanipa mtu asiye na hatia nimchukie. Ukakaa pembeni ukiandika.

Sijakusamehe. Ule msamaha wa mdoli ninao, sikunyang'anyi, lakini unaishia hapo. Wa mume wangu si wangu kuutoa, na wa wale wengine utawaomba wenyewe, namba moja mpaka arobaini na moja, umruke wa kumi na tisa.

Leo nimekwenda mahakamani kufuta ushahidi wangu. Orodha yako nimewakabidhi, na barua yako ya tarehe kumi, na nimewaambia yalipo daftari na godoro. Watakuja, kwa hiyo usishtuke mlango ukigongwa.

Karani ni binti mmoja mpole, ana meza ileile uliyokuwa ukikalia. Picha yako ya siku ya kustaafu bado iko ukutani nyuma yake. Fomu yake ina safu nne. Akaandika jina langu. Akaandika jina lako, nimemtajia lote mpaka la babu. Akaandika kosa. Akafika safu ya nne, uhusiano wa shahidi na mtuhumiwa. Akautazama uso wangu, akageuka akaitazama picha yako, akaniuliza, "Hapa niandike hakuna?"

Nikamwambia, "Andika kaka yangu."

Akaniangalia tena, akaiangalia picha tena. "Una hakika, mama?"

Nikamwambia safari hii nina hakika.

Dada yako,
Sindano